Inasubiri Nini?

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, simu yangu haitulii. Ndugu, majirani, walimu niliowahi kufanya nao kazi, hata shemeji yangu wa Morogoro ambaye kwa kawaida hunitafuta kukiwa na msiba, wote wana swali moja. Kompyuta imewaambia haifai kupokea Windows 11, muuzaji amewaambia prosesa yao imepitwa na wakati, sasa wanataka kujua kama wanunue yenye kasi zaidi. Nikiwauliza kompyuta ina tatizo gani, wananyamaza kidogo. Haina tatizo, wanasema. Wameambiwa tu.

Swali la prosesa nimelijibu kwa zaidi ya miaka ishirini: kwanza nikiwa msichana wa kaunta kwenye kafe ya intaneti, kisha fundi, kisha ofisa TEHAMA wa chuo. Vitabu vya mafunzo vilinipa namba nyingi. Ujuzi wenyewe niliupata kwa kukaa nyuma ya mtu na kumtazama anavyosubiri.

Kafe yetu ilikuwa jirani na Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chumba kirefu, feni mbili za dari, skrini za chogo zimepangwa ukutani, na juu ya paa dishi kubwa la setilaiti ambalo mwenye kafe, tuliyemwita Haji, alilipenda kuliko gari lake. Bei ilikuwa shilingi 500 kwa nusu saa. Walikuja wanafunzi wanaotafuta vyuo vya nje, akina mama wenye watoto Uingereza na Oman, na kila mwisho wa mwaka wale wa bahati nasibu ya viza za Marekani, hasa baada ya 2003 fomu zake zilipoanza kujazwa mtandaoni tu. Kompyuta zilikuwa Pentium III na Celeron, RAM megabaiti 64, na kila mteja alizilaumu. Yahoo ilipokawia kufunguka alipiga panya mezani na kusema, "Dada, mashine yako nzito."

Haji alisafiri hadi Dubai akarudi na Pentium 4 za kutosha kujaza upande mmoja wa chumba. Nje akaandikisha bango: PENTIUM 4 HAPA. Kuanzia siku hiyo watu walipanga foleni kusubiri upande mpya, huku upande wa zamani viti vikiwa wazi. Kazi yangu ilikuwa kuandika muda wa kuingia na kutoka, kwa hiyo nilikuwa na daftari lililojaa ushahidi ambao hakuna aliyeutaka: pande zote mbili, mtu alitumia muda uleule kusoma barua zilezile.

Sababu ilikuwa juu ya paa. Setilaiti za aina ile ziko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi la mteja linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka. Safari nne, karibu nusu sekunde nzima hata kwa mwendo wa mwanga, na hapo bado hakijafika kitu chochote kwenye skrini. Kikianza kufika, kinapita kwenye njia ya kilobiti 64 kwa sekunde ambayo chumba kizima tunagawana. Ukurasa wa kilobaiti 100 ungemchukua mtu mmoja aliye peke yake sekunde kumi na mbili hivi. Wakiwa kumi, ni zaidi ya dakika mbili. Muda wote huo prosesa, iwe ya 1999 au ya Dubai juzi, imekaa bure.

Namkumbuka mama mmoja mwenye mtoto Leicester, aliyekataa katakata upande wa zamani. Asubuhi moja alifika kabla sijamaliza kupiga deki. Upande mpya haukuwa na umeme kwa sababu ya soketi iliyoungua, nikamwomba akae kwenye Celeron ya pembeni kabisa. Barua zilifunguka mara moja. Akanigeukia: "Binti, hii mmeitengeneza?" Nikamwambia hapana, mama, leo umewahi tu, laini ni yako peke yako. Alitikisa kichwa kwa adabu ya mtu anayejua anadanganywa.

Lakini Haji hakuwa mjinga. Bango lile lilirudisha fedha zake. Alijua kwamba mteja haioni setilaiti wala haoni laini, anaona kasha jipya jeusi mahali palipokuwa na kasha la rangi ya maziwa yaliyochacha, na anayalipia macho yake. Tangu hapo nimekuwa nikitofautisha kasi inayouzwa na kasi inayotumika, na sidhani wauzaji wana nia ya kuziunganisha. Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam na Mombasa, kompyuta nyingi za zamani nchini ziliamka siku moja kama zimebadilishwa matumbo, na hakuna aliyegusa hata skrubu. Kafe ya Haji ilikuwa imeshafungwa, sasa ni duka la nguo za watoto.

Kutoka kafe niliingia Kariakoo, kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya duka la vifaa, mwanamke peke yangu kati ya vijana ambao kwa miezi ya mwanzo walinipa kazi ya kufungua skrubu. Pale prosesa ilikuwa lugha ya mnada. Mteja haulizi kompyuta inafanya nini, anauliza, "Hii ina ngapi?" Anajibiwa mbili pointi nne. Anakwenda duka la jirani, anarudi: "Wenzenu wana mbili pointi nane." Duka moja lilinunua stika kwa rola na kubandika namba iliyotakiwa siku hiyo.

Mchezo huo haukuwa wa Kariakoo peke yake. Pentium 4 ilianza kuuzwa Novemba 2000 ikiwa na gigahatzi 1.4 na 1.5, na Intel ikaipandisha mwaka hadi mwaka mpaka 3.8 mwishoni mwa 2004. Ya gigahatzi 4 ilikuwa imeshatangazwa, lakini Oktoba ya mwaka huohuo kampuni ikaifuta. Ile ya 3.8 ilikuwa imebuniwa kutoa joto la wati 115, na kuisukuma mbele zaidi kulidai joto ambalo feni ya kawaida haiwezi kulitoa. Wakabadili njia. Julai 2006 wakaleta Core 2 Duo, ambayo hata ile ndogo ya gigahatzi 1.86 iliziacha nyuma Pentium za gigahatzi 3 kwa kazi nyingi, kwa kuwa inafanya kazi kubwa zaidi katika kila pigo la saa yake na ina viini viwili. Jaribu kumweleza hayo mtu aliyefundishwa kwa miaka sita kwamba namba kubwa ndiyo bora. Wateja walizitazama, wakaona 1.86, wakasema tunawauzia za kizamani kwa bei ya mpya.

Mwaka huohuo wa 2006 kulikuwa na mgao mkali wa umeme, mabwawa yamekauka. Hapo ndipo nilipoanza kuwauliza wateja jenereta yao ni ya ukubwa gani kabla ya kuwauliza wanataka kompyuta gani. Pentium 4 yenye skrini ya chogo ilimaliza betri ya UPS kabla karani hajamaliza kuhifadhi barua. Kwa ofisi nyingi, prosesa iliyokula umeme kidogo ilikuwa ndiyo ya kasi, kwa maana kazi ilikamilika.

Kisha kuna yule mwenye karakana ya samani Keko. Kompyuta yake ilikuwa nzuri na ya bei, lakini kila siku saa tano asubuhi ilianza kujikokota, na mchana haikamatiki. Alikuja na fedha mkononi, anataka prosesa kubwa zaidi. Nilipofungua kasha sikuiona feni: ilikuwa imevaa koti la unga wa mbao. Prosesa zile zilijengewa kinga, zikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Alikuwa na gigahatzi tatu alizozilipia na alikuwa anatumia sehemu tu. Nilipuliza vumbi, nikafuta gundi ya joto iliyokauka, nikapaka mpya, nikamwambia bei.

"Nikulipe kwa kupuliza?"

Alilipa nusu, akasema nusu nyingine ataleta akiona matokeo. Bado namdai. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kompyuta ilikuwa nyepesi zamani na sasa ni nzito, naanza na bisibisi na brashi. Prosesa haizeeki kwa namna ya kupoteza nguvu; ile ya mwaka juzi leo inahesabu kwa kasi ileile iliyotoka nayo kiwandani, isipozuiwa.

Chuoni ndiko nilikofundishwa na mtu asiyejua kompyuta. Alikuwa mhasibu mstaafu aliyerudishwa kwa mkataba, aliyeanza kazi Hazina akiwa kijana. Nikimpa shikamoo alijibu marahaba bila kuinua macho kwenye leja, na ilichukua muda kabla hajaanza kuniita mwanangu. Ni yeye aliyenisimulia kwamba kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Nilidhani ananitania. Baadaye nikakuta ni kweli: hesabu za serikali zilizokabidhiwa mashine zilivurugika, fedha nyingi zikapotea, na marufuku ikaja, ikikumba na televisheni. Wengi husimulia kisa hicho kama kichekesho cha nchi iliyoogopa maendeleo. Mzee hakucheka. Kwa maelezo yake, mashine ilihesabu vizuri tu. Shida ilikuwa taratibu za karatasi zilizoilisha na watu ambao hawakuandaliwa. Waliharakisha sehemu ambayo haikuwa inachelewesha kazi.

Wakati huo alikuwa na shida yake. Faili la Excel la mishahara lilimchukua robo saa kukamilisha hesabu za mwisho wa mwezi, na uongozi ulikuwa umemnunulia kompyuta mpya yenye viini vinne ili limalizike haraka. Halikumalizika haraka. Nilivuta kiti nikakaa nyuma yake, nikafungua Task Manager. Prosesa: asilimia 25. Mtu wa haraka angesema, tazama, prosesa haijachoka. Lakini kwenye viini vinne, asilimia 25 iliyosimama palepale bila kupanda wala kushuka mara nyingi ina maana moja: kiini kimoja kinakufa kwa kazi na vitatu vinakitazama. Faili lilikuwa na makro iliyoandikwa zamani, na makro za Excel hupita kwenye kiini kimoja tu. Gene Amdahl alikwisha kulisema jambo hili mwaka 1967, kabla mimi sijazaliwa: ukiongeza mikono, unafaidika kwa ile sehemu ya kazi inayogawanyika tu, na sehemu isiyogawanyika inabaki kukuamulia muda.

Tulikaa pamoja tukaipitia makro hiyo. Ilikuwa inamtafuta kila mfanyakazi kwenye jedwali zima, safu nzima hadi mwisho wa karatasi, kisha inaanza upya kwa anayefuata, na kila ikiandika tarakimu moja inachora skrini yote tena. Nilibadili mistari michache. Mwezi uliofuata hesabu zilikwisha kabla chai yake haijapoa, na mzee alikasirika kidogo, kwa sababu robo saa ile alikuwa akiitumia kusoma gazeti. Aliniuliza kama kompyuta ya zamani ingeweza kufanya hivyo pia. Nikasema ndiyo. "Basi irudisheni," akasema, "hii mpeni anayeihitaji." Haikurudishwa; ilikuwa imeshagawiwa kwa mtu mwenye cheo.

Niklaus Wirth, Mswisi aliyeibuni lugha ya Pascal, aliandika mwaka 1995 kwamba programu zinakuwa nzito haraka kuliko mashine zinavyokuwa nyepesi. Nimemkumbuka mara nyingi nikiwa mbele ya programu ya kuandikia barua inayotaka RAM mara nyingi zaidi ya ile tuliyoandikia barua kwa Haji. Anayenunua kasi kila miaka mitatu, sehemu kubwa ya fedha yake inalipia uvivu wa watu wengine. Nasema uvivu nikijua wengi wao ni rafiki zangu.

Mabadiliko makubwa kuliko yote niliyoyashuhudia hayakuhusu prosesa hata kidogo. Miaka kumi hivi iliyopita mwalimu mmoja wa Kiswahili aliniletea laptopu ya Windows 7 ambayo, kwa maneno yake, ukiiwasha unaweza kwenda kusalimia ofisi zote mbili za walimu ukarudi ukaikuta bado inajivuta. Fundi wa mjini alishamwambia atafute ya Core i7. Nilimwambia asubiri, nikaitoa hadidiski yake nikaweka SSD, vitu ambavyo wakati huo ndiyo kwanza bei yake ilikuwa imeanza kushikika.

Hadidiski ya laptopu ni sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono wenye kichwa cha kusomea. Kutafuta kipande kimoja cha data, mkono usogee, sahani izunguke mpaka kipande kifike chini yake, ni kama milisekunde kumi na tano. Ni muda mfupi kwa binadamu. Lakini prosesa ya gigahatzi mbili hupiga mapigo milioni 30 katika muda huo, na yote yanapita bure. Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vilivyotapakaa. Prosesa inakuwa karani mwepesi wa mkono ambaye kila jalada analohitaji liko masjala, ghorofa ya chini, na tarishi ni mmoja, mzee, mwenye goti bovu. Ukimwajiri karani mwepesi zaidi, umeongeza tu idadi ya dakika za kukaa bila kazi. SSD haina sahani wala mkono. Kipande kilekile kinapatikana kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au chini ya hapo.

Laptopu iliwaka kabla mwalimu hajamaliza kufungua begi kutafuta miwani. Akaizima akaiwasha tena. Wiki ile walikuja wenzake watatu, na mkuu wa idara mmoja alinivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ile i7 niliyomwekea mwalimu inaweza kupatikana nyingine.

Kuhusu RAM sina mengi, maana hadithi ni ileile kwa sura nyingine. Chrome ilipoingia mwaka 2008 ilikuja na utaratibu wa kuutenga karibu kila ukurasa uliofunguliwa kama programu inayojitegemea, utaratibu mzuri kwa usalama na mbaya kwa mwenye gigabaiti 2. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, na tumerudi kwa tarishi mwenye goti.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo nilikuwa mtu wa jibu moja: acheni prosesa, wekeni SSD na RAM. Ni jibu zuri. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, wahadhiri wakatakiwa kufundisha kwa Zoom, ndipo lilipokutana na kazi lisiyoiweza. Laptopu zenye viini viwili nilizozifufua kwa mikono yangu, zenye SSD na RAM ya kutosha, zilipiga kelele kama zinataka kuruka. Sauti ya mhadhiri ilikatikakatika. Safari hii Task Manager ilionyesha asilimia 100, na ilikuwa kweli. Mkutano wa video unailazimisha prosesa kubana picha yako kila sehemu ndogo ya sekunde, na papo hapo kufungua picha za wengine wote. Ukiongeza mandhari ya kuficha chumba nyuma yako, inabidi pia ikukate wewe na kukutenga na ukuta. Prosesa mpya zina sehemu maalumu ndani yake za kazi ya video. Za zamani zinaifanya kwa nguvu za jumla, au video yenyewe imefungwa kwa mtindo ambao sehemu yao maalumu haiujui. Niliwaambia wazime kamera. Waliokuwa na vipindi vitatu kwa siku niliwaambia wanunue, na sikusita.

Ndivyo jibu la ndiyo lilivyopata watu wake kwenye daftari langu: anayekutana kwa video kila siku, mhariri wa video, mwanafunzi wa usanifu majengo mwenye michoro ya pande tatu, anayeandika programu kubwa. Wote hao wana jambo moja, kwamba ukikaa nyuma yao unaona prosesa yenyewe imejaa na wao wamekunja mikono. Anayeandika barua, anayejaza fomu, anayesoma habari na kuangalia mpira hayumo, na hao ndio wengi wanaonipigia simu.

Sasa hili la Windows 11 limeleta kitu kipya, maana halihusu kasi kabisa, ingawa madukani linauzwa kwa jina la kasi. Masharti ya Microsoft yenyewe yanataka prosesa ya gigahatzi 1 yenye viini viwili. Gigahatzi 1 Pentium III iliifikia mwaka 2000! Lakini chini ya sharti hilo kuna orodha, na kwa upande wa Intel orodha kwa ujumla inaanzia kizazi cha nane, cha 2017. Core i5-6500 ya mwaka 2015, gigahatzi 3.2, viini vinne, haimo. Celeron N4020 ya mwaka 2019, ambayo kasi yake ya kawaida ni gigahatzi 1.1 na ina viini viwili, imo. Sababu iliyotolewa ni usalama: chipu ya TPM 2.0 inayotunza funguo za siri, na kinga nyingine ambazo prosesa mpya zinazibeba kwa urahisi. Sababu hiyo siidharau. Mtu anayefanya miamala ya benki kwenye mfumo usiopokea tena marekebisho anajiweka hatarini, na sitamwambia aendelee hivyohivyo. Ninachokataa ni kumwambia kompyuta yake ni nzito.

Mpwa wangu alikumbana na hilo kwa gharama yake. Alipoingia chuo aliacha laptopu ya mtumba niliyomchagulia, ya ofisi za Ulaya, imara, akanunua mpya ya bei nafuu iliyoandikwa kwenye boksi kwamba ina Windows 11. Ilikuwa mpya kweli, na ilikuwa nzito kuliko ile aliyoiacha, na RAM yake imechomelewa kwenye bodi kwa hiyo haiongezeki. Ya zamani alimpa mdogo wake, ambaye hataki kuirudisha.

Bodi ya shule ya sekondari ninayoitumikia nayo ililetewa profoma ya chumba kizima cha kompyuta mpya, prosesa za kizazi cha karibuni, bei ambayo ingeezeka upya mabweni mawili. Kabla ya kikao niliomba kukaa nyuma ya darasa kwa vipindi vya mchana. Wanafunzi waliandika, walijaza majedwali, walifanya mazoezi ya mtihani. Kilichowachelewesha ni intaneti ya shule na panya zisizobofya. Nikawaeleza wajumbe kwamba Microsoft inauza nyongeza ya ulinzi wa Windows 10, na kwa taasisi za elimu zenye leseni bei ni dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili na 4 mwaka wa tatu. Mhasibu alipiga hesabu akatabasamu. Kisha nikauliza kama Windows iliyopo ni halali, na tabasamu likaondoka. Ikakubaliwa kwamba zile zenye leseni zilipiwe nyongeza, zilizobaki ziwekewe Linux, zote ziongezewe RAM, na zinunuliwe mpya mbili tu, kwa ajili ya klabu ya filamu. Mjumbe mmoja hakuridhika. Alisema wazazi wakija siku ya mahafali watataka kuona kompyuta mpya, na hapo nilimkumbuka Haji. Sikuwa na hoja ya kumjibu, tulipiga kura.

Katika wote walionipigia mwaka huu, mmoja tu nilimwambia anunue ya bei kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu: kijana wa Tabata anayepiga video za harusi. Nilikwenda kumtazama akifanya kazi. Alibofya kutoa video ya send-off ya saa mbili, prosesa ikajaa, akafunga ofisi akaenda kulala, maana ndivyo alivyozoea. Amenunua. Kazi ya usiku kucha sasa inakwisha wakati anakula chakula cha mchana. Juzi alinipigia tena: wateja wanataka wapelekewe mtandaoni siku hiyohiyo, na kuipandisha video kwa bando lake kunachukua mpaka alfajiri. Akaniuliza kama kuna prosesa ya kusaidia hilo.